Mjomba asema watoto ni wetu, mashemeji wanataka kuleta ng'ombe

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, Mmakonde wa Newala. Mume wangu ni Msukuma wa Shinyanga. Alikuja huku kusini na kampuni ya barabara akiwa fundi ujenzi. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi makwao, yeye akabaki kwa ajili yangu. Tulifunga ndoa bomani kwa sababu mimi ni Mwislamu na yeye ni Mkatoliki, na hakuna aliyetaka kumbadili mwenzake. Mahari alitoa laki moja na nusu na vitenge vya mama. Ndivyo wazee wetu walivyotaja, hawakuomba zaidi. Sasa tuna miaka tisa.

Tunaishi kwetu, kwenye kiwanja cha mama. Kwa watu wa huku si ajabu mwanaume kuhamia kwa mkewe. Mume wangu amejenga nyumba ya tofali za saruji, vyumba vitatu, na nyuma yake amechimba tanki la kukingia maji ya mvua, maana huku juu unajua shida yetu ya maji. Kiangazi nusu ya mtaa wanachota kwetu. Mwaka wa pili wa ndoa mama alitupa eneo lililokuwa limelala pori, mume wangu akalifyeka na kupanda mikorosho 80 ya mbegu bora. Yeye ndiye anayepalilia, yeye ndiye anayepuliza salfa mpaka macho yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyelia.

Shamba liliandikishwa kwa jina la mjomba, kaka yake mama, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Miaka ya mwanzo korosho zilikuwa kidogo, hakuna aliyejali. Msimu uliopita tulipeleka ghalani zaidi ya kilo 500, fedha ikaingia kwenye akaunti ya mjomba. Akampa mume wangu theluthi, akasema zilizobaki ni za ukoo. Mume wangu hakujibu kitu. Alikaa siku tatu hazungumzi.

Mwezi wa tatu baba mkwe alifariki. Mume wangu alikwenda kwenye msiba, na aliporudi alirudi na maneno. Kaka zake wamekaa kikao wakasema mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana miaka minane na ndiye mwenye jina la babu yake, apelekwe Shinyanga akakulie kwao. Na kwa kuwa hawakutoa ng'ombe wakati ule, wako tayari kutuma sasa fedha ya ng'ombe kumi ili mambo yakae sawa. Mjomba aliposikia alisimama pale barazani, akasema, "Sisi hatuuzi watoto." Akasema mtoto ni Mmakonde, na Desemba hii anakwenda jando hapa hapa. Kaka zake mume wangu nao wakajibu kwa simu kwamba mke asiyetolewa ng'ombe hajaolewa, na kama ni hivyo ndugu yao ataoa mwingine huko kwao amzalie watoto wa ukoo.

Mume wangu mimi ananipenda, sina shaka. Lakini siku hizi anasema amekuwa kama kibarua, anajenga na kupanda kwenye mali ya watu. Mimi niko katikati. Mjomba ndiye aliyenilea baada ya baba kuondoka, na hata sasa kila tukikosana na mume wangu nampigia simu, naye anakuja siku hiyo hiyo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi jioni mjomba alimuita mtoto chini ya mwembe akamuuliza, "Wewe ni nani?" Akajibu, "Mmakonde." Mjomba akampa shilingi mia tano. Kesho yake baba yake mdogo akapiga simu kutoka Shinyanga, akamuuliza hivyo hivyo, mtoto akajibu, "Msukuma." Usiku alinifuata jikoni akaniuliza, "Mama, siku wakiwa pamoja nikiulizwa niseme mimi nani?" Nilimwambia akalale.

Mama Mkubwa, watoto ni wa nani?

Mama wa Watatu, Newala

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika na mjomba wako, mara ya pili nikakasirika na mashemeji zako. Mara ya tatu nikarudi kwenye ile mikorosho 80, na hapo ndipo nikaanza kuielewa. Nitafika huko. Kwanza tuwatendee haki hawa wazee wa pande mbili, kwa sababu kila mmoja anasema kweli ya kwao, na hakuna aliyemweleza mwenzake kweli hiyo imetoka wapi.

Kwa Wasukuma mtoto hufuata ukoo wa baba. Ng'ombe wanaotolewa si bei ya mwanamke, ingawa watu wengi wa kwetu huku wanadhani hivyo na ndiyo maana mjomba wako alisimama barazani kwa hasira. Ng'ombe wale kazi yao kubwa ni kuwahamisha watoto: wakishapokelewa, watoto watakaozaliwa watahesabiwa upande wa mume, na wakwe hawatarudi kuwadai. Kwa hiyo kaka zake mume wako walipotaja ng'ombe kumi hawakukudharau. Kwa desturi yao walikuwa wanatimiza deni, na pengine waliona aibu kwamba limechelewa miaka tisa.

Kwetu Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mtoto ni wa tumbo lililomzaa. Ukoo unapita kwa mama, kwa bibi, kwa mama yake bibi. Mwanaume anapewa heshima yake kama baba, lakini mwenye kauli ya ukoo ni mjomba. Ndiyo maana mahari yetu ni ndogo. Wazee wako walipotaja laki moja na nusu na vitenge hawakuwa wakarimu tu. Hawakutaja kikubwa kwa sababu hawakuwa wanatoa kikubwa: wewe ulibaki kwenu, watoto walibaki kwenu, na mkwe akaja kwenu. Hata hadithi ya kale ya Wamakonde inasema mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga mti sura ya mwanamke, ule mti ukapata uhai, akamzalia. Watoto wawili waliozaliwa kule chini karibu na mto walikufa, wa tatu akazaliwa juu akaishi, ndiyo maana mkakaa juu. Jina la yule mwanaume sijapata kulisikia kwa yeyote. Anayeitwa mzazi wa Wamakonde ni yule mama.

Sasa angalia jambo ambalo kwenye kelele zote hizo hakuna aliyeliona. Kwa desturi ya Wasukuma, ng'ombe wasipotoka watoto huhesabiwa kwa mama. Kwa desturi ya Wamakonde, watoto ni wa mama. Desturi zote mbili, mpaka leo hii, zinatoa jibu moja. Wanachogombania wazee ni kitakachofuata, yaani ng'ombe wakija. Mjomba wako anajua hilo vizuri sana.

Kwa nini lianze kumuuma sasa? Kwa sababu ya korosho.

Mwanangu, barua yako yote imemtaja mtoto mmoja wa kiume. Wale wawili umewahesabu tu kwenye "watatu", sijui ni wa kike au wa kiume, sijui umri wao. Kama kuna binti hapo, na mjomba wako kweli anatetea ukoo wa Kimakonde, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumtaja. Mtoto wa kiume kwa desturi yetu atakwenda kuzaa kwenye ukoo wa watu wengine. Anayeendeleza ukoo ni binti. Mjomba kumng'ang'ania mvulana na kumpa mia tano chini ya mwembe, huo si ukoo. Huo ni ushindani na watu wa Shinyanga, na nyuma ya ushindani kuna shamba. Mtoto akihesabiwa Msukuma, mume wako atakuwa na sababu ya kusema mikorosho ni ya wanawe na si ya ukoo wenu. Akihesabiwa Mmakonde, mjomba ataendelea kusaini. Na mume wako naye, mtu aliyekaa kimya siku tatu kwa sababu ya fedha yake, akaenda msibani akiwa na jeraha hilo, unadhani kaka zake walipomwambia "mlete mtoto" alikuwa na nguvu ya kukataa?

Mambo haya sikuyasoma kitabuni. Mimi ni Mmwera wa Mingoyo. Baba yangu alikuwa na minazi 40, aliipanda yeye, na kaka yangu alikuwa akiimwagia maji ikiwa midogo, anabeba ndoo kichwani kabla ya kwenda shule. Baba alipofariki, baada ya arobaini walikuja wapwa zake, watoto wa dada zake, vijana wanne. Walikuwa na ukindu mkononi. Walipita mnazi hadi mnazi wanafunga ukindu kwenye shina, wanahesabu kwa sauti. Kaka yangu alikuwa na miaka 12, alisimama mlangoni anawatazama. Walipofika wa thelathini na kitu alianza kuhesabu pamoja nao, kwa sauti ile ile, machozi yanamtoka. Baiskeli nayo waliondoka nayo. Hawakuiba. Kwa desturi ya wakati ule mali ya mwanaume ilikwenda kwa wapwa zake, na walifanya walichofundishwa.

Wiki ileile mjomba wetu akaja kutoka Mtama na lori la mizigo, na gunia la mbaazi. Alikaa na mama usiku mmoja, asubuhi akatuchukua wote. Yeye ndiye aliyeninunulia sare, yeye ndiye aliyelipa ada mpaka nikamaliza, na hakuwahi kunikumbusha. Desturi iliyoninyang'anya minazi ya baba ndiyo iliyonipa mjomba yule. Kwa hiyo usitegemee nikuambie utupe desturi ya kina mama, na usitegemee nikuambie uishike yote kama ilivyo.

Watu wengine wamepita njia hii. Kule Sumatra Magharibi, Indonesia, kuna Waminangkabau, mamilioni ya watu, Waislamu wa swala tano, na ukoo wao unapita kwa mama. Nyumba kubwa ya familia ni ya wanawake, na mjomba, wao humwita mamak, ndiye mlezi wa wapwa zake. Walisumbuka muda mrefu na swali lako hilo hilo: dini inasema mtoto arithi kwa baba, desturi inasema mali ni ya upande wa mama. Masheikh na wazee wa mila walipokubaliana, mali waliigawa mafungu mawili. Ardhi na nyumba zilizorithiwa tangu mabibi zilibaki kwenye ukoo wa mama, haziuzwi ovyo. Mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake ikawa ya wanawe. Ghana nako, kwa Waakan, mjomba alikuwa na nguvu kama ya mjomba wako, na wajane na watoto walikuwa wakitolewa kwenye nyumba walizojenga pamoja na marehemu. Mwaka 1985 serikali ilitunga sheria ya mirathi inayompa mjane na watoto fungu lao katika mali aliyoichuma mume. Na hapa jirani, Ngazija, kisiwa cha Komoro, ambako majahazi ya Mtwara yanakwenda, nyumba hujengewa binti, mume anaingia humo akiwa mgeni wa heshima, na ni Waislamu vilevile. Mume wako akijua kwamba kuhamia kwa mke si unyonge wa Newala peke yake, huenda kichwa kikapoa kidogo.

Kwetu huku tatizo lilikuja na mti wa kudumu. Zamani mtu alifyeka, akalima mihogo na mtama, ardhi ikichoka akaiacha, pori likarudi kwa ukoo. Hakukuwa na cha kugombania zaidi ya mavuno ya mwaka. Mkorosho haufanyi hivyo. Ukiupanda leo, wajukuu wako watauokotea. Jasho la mtu mmoja linakaa kwenye ardhi ya ukoo wa mtu mwingine kwa miaka thelathini na zaidi, na desturi yetu haikuwahi kutengenezewa hilo. Pwani tunajua tangu zamani kwamba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Wazee wa Lindi wanaifahamu kauli hiyo kwa minazi. Hapo pa kushika.

Kwa hiyo sitajibu watoto ni wa nani kabla hujamaliza habari ya miti. Ardhi ile ni ya mama yako na iendelee kuwa ya upande wenu, hilo mume wako alikubali tangu siku alipoingia na panga. Mikorosho 80 ni ya ninyi wawili mlioipanda na kuihudumia, na baada yenu ni ya watoto wenu. Na watoto hao ndio pia warithi wa ardhi ya bibi yao kwa desturi ya Kimakonde. Warithi ni wale wale kwa njia zote mbili. Hakuna anayepoteza isipokuwa mtu aliyezoea kupokea fedha katikati.

Yaandikeni haya. Nenda na mama yako, mwenye ardhi, kwa mwenyekiti wa kijiji. Kama ardhi yenu ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuwa na majina ya mke na mume. Kama mama hataki kuitoa ardhi yenyewe, na ana haki hiyo, basi andikeni makubaliano: ardhi ya nani, miti ya nani, ikitokea kifo au kuachana inakuwaje. Saini, mashahidi wa pande mbili, nakala moja ofisi ya kijiji. Kisha kwenye chama cha ushirika jina la mkulima libadilishwe kabla msimu haujafunguliwa mwezi wa kumi, na fedha iingie kwenye akaunti yenu. Mjomba mpe fungu lake kwa mkono wako, kila msimu, kabla hajaliomba. Alikulea. Lakini liwe zawadi ya mpwa kwa mjomba, lisiwe yeye ndiye anayewakatia ninyi.

Habari ya mjomba kuna jingine, na hili litakuuma. Unasema kila mkikosana na mume wako unampigia simu, naye anafika siku hiyo hiyo. Mwanangu, umemfanya mzee yule fimbo. Miaka tisa mume wako amekuwa akigombana na mkewe asubuhi na kuhukumiwa na ukoo mzima jioni, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, bila hata mtu mmoja wa kwao kumkalia upande. Hapo mtu lazima aitwe kibarua. Nawe ndiye uliyemfundisha mjomba kwamba nyumba yako haina mlango. Acha kupiga hiyo simu. Mkikosana, kosaneni wenyewe, na mkishindwa, mwiteni mtu mmoja wa kwenu na mmoja wa kwao, hata kama wa kwao ni Msukuma mwenzake aliyehamia na mifugo huku Lindi. Siku hizi wako wengi, hakosi mmoja mwenye busara.

Na nikuulize, kaka yako yuko wapi? Hukumtaja. Kwa desturi yetu wenyewe mjomba wako ana neno juu yako na ndugu zako. Mwenye neno la kwanza juu ya watoto wako ni kaka yako, mjomba wao, si mjomba wako, ambaye kwao ni babu. Kama unaye, awe Dar es Salaam awe Masasi, mwite. Mjomba wako hawezi kumpinga hadharani kwa jambo ambalo mila imempa, na kijana wa rika la mume wako atazungumza naye kwa lugha ambayo mzee hawezi. Kama huna kaka, mtafute mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo. Huyo ni kaka yako.

Kuhusu ng'ombe: wasubiri. Wakija sasa watakuwa na mtoto mgongoni, na mjomba atasema kila atakapokunywa uraka, pombe ya mabibo, kwamba mmemuuza. Mume wako awaambie kaka zake kwamba heshima yao imepokelewa na deni halijasahaulika. Nyumba ikitulia, mwaka mmoja au miwili, waje wenyewe Newala wamwone aliyemzaa mke wa ndugu yao, wamletee walichoona kinafaa. Akiwa amekaa na wageni wake, maji ya tanki lililochimbwa na ndugu yao yapo mezani, mjomba wako atajifunza maana ya ng'ombe kuliko kwa barua yangu.

Hayo ya kwamba hujaolewa, yasikukoseshe usingizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haikutolewa kama mila inavyotaka. Na ndoa ya bomani huhesabiwa kuwa ya mke mmoja. Haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi mpaka ninyi wawili mtamke kwa hiari yenu kwamba mmekubali. Akina shemeji walisema kwa hasira ya msiba, na mume wako, kwa unavyomweleza, hakusema.

Mtoto kupelekwa Shinyanga kukaa, mimi nasema hapana, na nasema hivyo bila kuzungukazunguka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto mbele ya yote, na hakuna kikao cha ukoo, wa kwenu wala wa kwao, chenye mamlaka ya kumtoa kwa wazazi wake walio hai na wanaoishi pamoja. Hata wazazi wakitengana, mahakama hutazama kwanza ustawi wa mtoto, na mila huja baadaye kama jambo mojawapo la kuzingatiwa. Lakini aende likizo. Mpeleke wewe na baba yake, mlale huko wiki mbili, aone kaburi la babu ambaye ana jina lake, achunge ng'ombe na binamu zake, asikie Kisukuma kikisemwa na watu wazima wasiomuuliza maswali. Hajawahi kwenda, au nimekosea? Watu wanaomjua mtoto kwa simu tu ndio wanaotaka kumchukua.

Jando liamuliwe na baba yake pamoja na wewe, mzee asiamue peke yake. Mimi ningemtahirisha hospitali, kisha mafunzo ya jando ayapate kwa wazee wakati wa likizo bila kukosa shule, na baba yake akaribishwe siku ya kutoka, apewe mkeka wa mbele. Wasukuma wa zamani hawakuwa na tohara, kwa hiyo anaweza kuona haya kuuliza. Mweleze faragha, asije akayajua uwanjani.

Yote hayo yatachukua miezi. Lile la mtoto jikoni lisisubiri kikao. Ulimwambia akalale, na najua kwa nini, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko lako. Leo usiku muite, na wadogo zake wakae wasikie, na baba yake awepo. Anza wewe: mtajie mama yako, mama yake mama yako, na bibi wa mbele yake kadiri unavyowakumbuka, na walikotoka, ng'ambo ya Ruvuma kama ni hivyo. Kisha baba yake amtajie babu, na baba yake babu, mpaka mwisho wa kumbukumbu yake. Wachanganye majina, wayarudie, wakicheka wacheke. Mwambie siku babu na baba zake wadogo wakikaa pamoja na kumuuliza yeye ni nani, awatajie majina yote, ya pande zote mbili, taratibu, na wasimkatishe. Na ile mia tano mwambie amrudishie babu yake, kwa adabu, kwa mikono miwili.

Mkishakaa kikao cha miti, niandikie.

Mama Mkubwa, Lindi